Sote Ni Wajukuu wa Kinjekitile?

Kwanza samahanini wadau. Kibaraza hiki kimekaa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimekamatwa. Sijakamatwa. Nilikuwa Tabora kwenye arobaini ya bibi, na tangu nirudi Dar kuna jambo limenikwama kooni. Nimejaribu kuandika mambo mengine (nina makala nzima kuhusu mwendokasi, itakuja) lakini kila nikikaa mbele ya kompyuta linarudi hili hili. Basi ngoja nilitoe. Najua baadhi ya watu wa ukoo wetu husoma hapa. Shikamooni. Someni mpaka mwisho kabla hamjampigia simu baba.

Sebuleni kwa baba mkubwa kuna picha mpya ukutani. Imewekwa fremu ya dhahabu, imetundikwa juu ya televisheni, sehemu ambayo zamani palikuwa na kalenda ya benki. Inamwonyesha askari wa Kijerumani, mtu mweusi mwembamba, amevaa tarbushi yenye kitambaa cha kuziba shingo, bunduki begani, miguu imefungwa vitambaa mpaka magotini. Chini yake wameandika kwa kompyuta: BABU YETU, SHUJAA.

Siku ya arobaini kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Wazee walitikisa kichwa, vijana wakapiga picha na kuiweka kwenye status. Nikamuuliza mtoto wa baba mkubwa picha ilitoka wapi, maana babu mwenyewe, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2019 na katika sanduku lake hapakuwa na picha yoyote ya babu yake. Akacheka, akanijibu kwa kunong'ona: "Bro, mtandaoni." Usiku ule niliitafuta. Ipo kwenye hifadhi moja ya picha za kale huko Ujerumani, na maelezo yake hayana jina. Ni askari tu. Mtu wa mtu, ambaye huenda kwao ni Usukuma au Sudani, leo anafukiziwa ubani kwetu.

Ningeweza kucheka nikaacha, familia ngapi hazina hata picha ya kudanganyia! Lakini baba mkubwa ana mpango. Amesikia kuna wakili anaandikisha familia zilizoathirika na ukatili wa Wajerumani, na kila familia inalipia shilingi elfu hamsini za fomu. Mimi kama mwandishi wa gazeti ndiye niliyepewa kazi ya kuandika maelezo. Nikapewa na mwongozo kabisa: babu alichukuliwa kwa nguvu, akateswa, akapotea vitani, kwa hiyo sisi ni wahanga na tunastahili kulipwa.

Nilikataa, na ndiyo maana siku ya pili sikuaga vizuri.

Sasa hebu tuulizane sisi wenyewe, sisi tuliosoma. Umewahi kukutana na mtu akakwambia babu yake alipigana upande wa Wajerumani katika vita vya Majimaji? Nimefanya kazi chumba cha habari miaka minne na kabla ya hapo nilikuwa Mlimani. Nimekutana na wajukuu wa machifu wasiohesabika, wajukuu wa majumbe waliokataa kulima pamba, na wajukuu wa waliokunywa maji ya Ngarambe. Mmoja alinihakikishia kabisa kwamba yeye ni damu ya Kinjekitile Ngwale. Wajukuu wa askari wako wapi? Walikufa wote bila kuzaa?

Maana hesabu haikubali. Vita ile ilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefika Ungoni, Mahenge, Liwale, karibu kusini yote. Kinjekitile alinyongwa Mohoro mapema, Agosti 4, mwaka huo huo. Wazungu waliokufa katika vita nzima ni 15. Kumi na tano! Waafrika waliokufa, wengi wao kwa njaa, serikali ya Kijerumani ilikiri 75,000, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliyekwenda kuwahoji wazee alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Hivi kweli mnaamini kazi yote hiyo ilifanywa na Wazungu peke yao? Waliokuwa wakiingia kijijini, kutoa vyakula ghalani, kuvichoma na kuondoka na mbuzi na wanawake walikuwa askari weusi, na pamoja nao ruga-ruga waliokodishwa. Mzungu alikuwepo, ndiyo, ndiye aliyetoa amri na ndiye aliyekuwa akiandika ripoti. Na amri ile ilikuwa wazi: risasi zimeshindwa kuimaliza vita, tumieni njaa. Lakini kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani?

Shuleni tuliandika "Wajerumani walichoma maghala", tukapata alama zetu. Hakuna mwalimu aliyeuliza ni Wajerumani gani.

Haya, kwetu ni hivi. Naandika tu yale ambayo babu aliniambia mwenyewe, na aliyasikia kwa bibi yake. Babu wa babu alikuwa Mnyamwezi wa nje ya mji wa Tabora. Mimi ni kilembwe chake. Kabla ya uaskari alikuwa mpagazi, kazi ya Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pembe. Akajiunga. Nasema tena, akajiunga! Mwanzoni kabisa, mwaka 1889, Wissmann alileta askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, lakini miaka kumi baadaye jeshi lilikuwa limejaa watu wa humu humu, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na wengi hawakufungwa kamba. Mshahara wa askari ulimshinda mbali kibarua wa shambani. Alipewa sare, bunduki, na boi wa kumbebea mzigo. Alipopita watu walisimama. Fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akibeba pembe za watu kichwani toka Tabora mpaka Bagamoyo, leo yeye ndiye anabebewa. Namwelewa kabisa. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini, na ninyi msijifanye mnajua.

Lakini kumwelewa mtu si sawa na kumwandikia fomu ya uhanga.

Katika vita ya Majimaji alikuwa Ungoni. Alirudi na mwanamke, msichana wa kama miaka kumi na sita kwa hesabu ya babu. Na hapa ndipo penye shida yangu na ukoo mzima, kuanzia baba mkubwa mpaka shangazi zangu ninaowapenda. Ukiwauliza, wanasema "alimuoa huko." Wanasema hivyo huku wanakukaribisha chai. Shangazi mmoja hulifanya jambo la utani, eti Mnyamwezi na Mngoni ni watani, sisi tulichukua mmoja kwa wale waliotusumbua zamani. Watu wanacheka.

Alimuoa! Mahari alimpa nani? Baba yake alikuwa wapi? Nani alikuwa shahidi? Babu aliniambia bibi yake alikuwa na kisa kimoja tu alichokubali kukisimulia. Ghala lao la ulezi lilichomwa na harufu ilikaa siku nyingi, kisha wakakaa porini mpaka mdogo wake akafa, kisha yeye na mama yake wakatoka kwenda bomani kwa sababu walisikia huko kuna chakula. Bomani waligawanywa. Ndilo neno alilolitumia, na babu alilirudia kwangu kama lilivyo: tuligawanywa. Mama alikwenda upande mmoja na yeye upande mwingine. Hakumwona tena.

Ninyi mnaosoma hapa ni watu wazima. Mwanamke anayegawiwa kwa askari baada ya kuchomewa chakula chake, hilo tunaliitaje kwa Kiswahili? Ndoa?

Alizaa mtoto mmoja tu kwa mtu yule, kama mwaka 1908, ambaye ndiye baba wa babu. Na maisha yake yote hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Alimwita "askari". Askari anakuja, askari anataka maji. Babu anasema hata uzeeni, miaka ya hamsini, ukimtajia jina lile aligeuka upande wa pili kama hakusikia. Chini ya kitanda chake kulikuwa na chungu cha ulezi ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Wajukuu walimcheka kwamba bibi ana ulafi. Alipofariki walikuta ule wa chini kabisa umekuwa vumbi.

Na jina lake yeye? Hatulijui. Nimeuliza watu kumi na mmoja wa ukoo wetu, nimewahesabu, hakuna anayelijua. Aliitwa Mngoni. Mpaka leo kaburi lake Tabora linaitwa kaburi la Mngoni. Askari tunajua jina lake, la baba yake, na la babu yake aliyekuwa mtaalamu wa dawa za nyuki. Mwanamke aliyetuzaa hana hata jina la kwanza, na sebuleni ametundikwa nani? Askari, na tena si yeye!

Nataka niwe mkweli na upande wangu, kwa sababu nisipojitaja mtasema kijana kasoma kasahau kwao. Februari 27 mwaka huu gazeti lilinituma Songea kwenye kumbukumbu ya mashujaa. Wasiojua, ndiyo tarehe ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni kwa mpigo, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakawafukia kwenye kaburi moja. Nduna Songea Mbano walimnyonga baadaye, na fuvu lake mpaka leo linatafutwa. Ni siku nzito. Nilikuwa nimesimama na kijitabu changu pembeni ya kaburi, mzee mmoja akaja akanisalimia vizuri sana, akaniuliza, na wewe kijana ni wa kwa nani? Nikamwambia bibi yetu mmoja alitoka huku. Uso wake ukafurahi. Akauliza alifikaje Tabora.

Nikamjibu: "Aliolewa."

Lilitoka lenyewe, sikulifikiria hata sekunde moja. Mzee akanishika mkono akasema basi wewe ni mtoto wetu, karibu nyumbani. Akanitafutia kiti. Nimekaa kwenye kiti kile saa nzima nikisikiliza hotuba, na katika zote nilizosikia walitajwa Wajerumani tu, na mimi nilijua kwamba nimekalia kiti cha watu kwa uongo. Niliporudi niliandika aya mbili kuhusu askari weusi katika habari yangu. Mhariri akazikata. Akasema zitawachanganya wasomaji siku ya mashujaa. Sikubishana. Kwa hiyo ninapomsema baba mkubwa najua ninachosema, neno lile lile limetoka kinywani mwangu.

Sasa kuhusu hizo fidia. Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akakutana na familia ya Nduna Songea na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliyafanya. Vizuri. Kama siku moja fedha zitatoka, zitoke, na ziwafikie wenye kaburi lile na wenye maghala yale. Lakini kuna jambo ambalo baba mkubwa halijui na nitamwambia hapa hadharani. Askari Ujerumani iliwakumbuka zamani! Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani mishahara waliyokuwa wakiidai tangu vita vya 1914 hadi 1918. Kuna hadithi ambayo waandishi wa Ulaya wanaipenda mno, kwamba wazee walijitokeza Mwanza, wengi hawana cheti, basi mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani, na kila mmoja akaubeba begani kama bunduki bila kukosea. Sijui kama ni kweli, lakini tazama wanaipendea nini. Mwafrika mzee, miaka hamsini imepita, amri bado iko mwilini. Askari mwaminifu! Hadithi za askari mwaminifu zilianza Ujerumani mara tu walipopokonywa makoloni mwaka 1919, kuthibitisha kwamba tuliwapenda na kwamba wanastahili kurudishiwa. Lettow-Vorbeck alipotembelea Dar es Salaam mwaka 1953 wazee wa jeshi lake walijitokeza kumlaki. Askari walipata malimbikizo ya mshahara. Mwaka ule wa 1964 mwanamke wa Ungoni ambaye ghala lake lilichomwa alipewa nini?

Na tukiacha Wajerumani, angalieni hapo hapo mjini kwetu. Sanamu ya Askari pale Posta, ambapo sisi wote tumewahi kumwambia mtu "tukutane Askari", inasimama mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, yule yule aliyeanzisha jeshi hili. Waingereza waliiteka Dar mwaka 1916, wakamng'oa, na mwaka 1927 wakaweka askari wao wa shaba akielekeza singe upande wa bandari. Yule wa Posta ni wa upande wa Mwingereza, lakini msidhani ni watu tofauti sana. Waliotekwa toka kwa Mjerumani waliandikishwa upya katika KAR, mwaka 1917 batalioni ya sita iliundwa kwa watu kama hao. Walibadili kofia tu. Wissmann wa shaba alisafirishwa akasimamishwa Hamburg, na miguuni pake kuna askari mweusi wa shaba anamtazama juu. Wanafunzi wa Hamburg walimwangusha Wissmann mwaka 1968. Sisi tumemtafuta yule wa miguuni tukamtundika sebuleni kwa fremu ya dhahabu.

Nasikia hoja mbili kutoka kwenu tayari. Ya kwanza, kwamba askari naye alionewa, alichapwa kiboko na Mzungu kama wengine, hamsa wa ishirini. Kweli kabisa, alichapwa. Na yeye ndiye aliyeshika kiboko siku zote zilizobaki. Vyote viwili viliwezekana kwa mtu mmoja, na anayetaka kunionyesha mgongo wake anionyeshe na mkono wake. Ya pili ni ile ya wazee wetu: mambo ya kale, marehemu hasemwi vibaya, mnafukua ya nini? Swali langu ni dogo. Aliyefukua ni nani? Mimi nilikuwa kimya. Mliomtundika ukutani na kumwandika shujaa ndio mliofukua, mimi nimesoma tu mlichoandika.

Kuna wadau mtasema huyu anataka tujichukie. Hapana. Mtu yule alipotea mwaka 1916. Wabelgiji walipoikaribia Tabora mwezi Septemba, jeshi la Wajerumani likarudi nyuma kuelekea kusini, na yeye akaenda nalo. Mke akabaki na mtoto wa miaka minane. Hakurudi. Pengine alikufa njiani kwa kuhara damu kama wapagazi wasio na idadi wa vita ile. Ningependa kujua alikofia, na ningependa kumsomea dua, ni babu yangu. Damu yake ninayo, urefu huu watu wanasema ni wake. Nilimkosea nani nikisema alikuwa babu yangu na alichoma maghala? Naweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja na bado nikala chakula cha mchana.

Nimeandika maelezo ya fomu, baba mkubwa. Nimeyatuma jana kwa barua pepe kwa mtoto wako ili ayachape. Mhanga nimemwandika mwanamke mmoja wa Ungoni, jina halijulikani, aliyegawiwa bomani mwaka 1906 baada ya kuchomewa chakula. Pale fomu inapouliza mtendaji ni nani, nimeandika serikali ya Kijerumani ya wakati ule, na chini yake nimeandika jina la babu yetu, lote, mpaka la babu yake wa dawa za nyuki. Kama wakili akiona fomu haifai, elfu hamsini yako nitakurudishia mimi, mshahara ukitoka.

Na mzee wa Songea, nina namba yake ya simu. Aliniandikia kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu ili nisipotee nikirudi. Nimeipiga mara mbili wiki hii na mara zote mbili nimekata kabla hajapokea. Leo jioni nikitoka kazini nitapiga tena. Kama kuna Mngoni anayesoma hapa na katika ukoo wake kuna msichana aliyekwenda bomani na mama yake njaa ile ikiwa kali, mdogo wake akiwa amekufa porini, tafadhali niandikie. Nahitaji jina tu.

Ile picha, kwa taarifa ya wanaoitafuta tangu asubuhi ya Jumapili, ninayo mimi. Kalenda ya benki nimeirudisha mahali pake.